Mama Cornelia na Wapagazi Sita Waliokula kwa Mkono wa Kushoto

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea nakuomba sana, tena kwa heshima zote: kila neno lililomo humu libaki kwako mpaka Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026, saa nane mchana, mhusika atakapokuwa ameshaketi ukumbini na mlango umefungwa. Usimsomee jirani yako. Usiiache karatasi hii kwenye meza ya chai. Mwaka 2016 ofisi ilimwandalia mama huyu sherehe ya miaka ishirini na mitano ya kazi. Habari zikamfikia siku mbili kabla, akaomba ruhusa, akaenda kijijini kuvuna ulezi, na keki ikaliwa bila yeye. Safari hii kazi ya kuandika nimepewa mimi, na kipindi changu cha majaribio bado hakijaisha. Sitaki isemekane kwamba mimi ndiye niliyemkimbiza.

Tarehe 30 Juni 2026, Mama Cornelia Zenon, Mtunza Kumbukumbu Mwandamizi wa kituo chetu hapa Majengo, Sumbawanga, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991 akiwa mpiga chapa. Faili lake lina barua saba za pongezi na barua moja ya onyo. Onyo hilo alilipata mwaka 1998, baada ya kumwomba mgeni mmoja mwenye cheo kikubwa atoke nje ya chumba cha picha na soda yake. Mgeni alitoka. Mama Cornelia naye aliipokea barua ya onyo, akaitoboa matundu mawili na kuiweka kwenye faili kwa tarehe yake, kama anavyoweka barua nyingine zote.

Chumba cha picha alikabidhiwa mwaka 1994 kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Kipo upande wa upepo, na wanaoijua baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita hawahitaji maelezo zaidi. Ndani kulikuwa na makasha ya bati, panya, na picha zisizo na majina: askari wa vita vya kwanza na vya pili, wapagazi, wapishi wa jeshi, wanawake waliotwanga nafaka ya kambini. Nyuma ya nyingi kulikuwa na neno moja tu la penseli, “wenyeji”. Alipoulizwa kwenye kikao ana mpango gani na chumba hicho, alisema anataka kuwajua hao wenyeji ni akina nani. Watu walicheka kidogo, kikao kikaendelea na ajenda ya mapipa ya maji.

Lenzi yake ya kwanza aliipata kwa fundi saa wa Majengo, ile ndogo inayobanwa jichoni. Nyingine alizonunuliwa na ofisi baadaye anazitumia wageni wakiwepo.

Namna yake ya kufanya kazi kila karani mpya huifundishwa siku ya kwanza. Picha ikiwekwa mezani, Mama Cornelia hukata vipande vidogo vya kalenda ya zamani na kuzifunika nyuso zote. Kisha huangalia vilivyobaki: miguu, vifundo vya kamba, mishono, vivuli, vyungu, na kuni zilivyopasuliwa. Nyuso hufunuliwa mwisho kabisa, wakati mwingine kesho yake. Maelezo yake ni kwamba kila anayeingia chumba kile akiona uso wa zamani anaona mtu wa kwao, na akishamwona haoni tena kitu kingine. Kwa sababu hiyo alitunga fomu ya maswali, na familia huijaza kabla ya kuonyeshwa picha yoyote. Fomu haiulizi sura ya marehemu. Inauliza alitembeaje, alivaa nini mkononi, aliumia wapi, alifunga mzigo wake vipi.

Kwa njia hiyo amesahihisha mengi. Kulikuwa na picha ya mwaka 1942 iliyoandikwa kwamba askari waliondoka Sumbawanga wakati wa masika. Yeye akaonyesha mikeka ya ulezi nyuma ya lori na kuuliza ni nani alianika ulezi kwenye mvua. Tarehe ikabadilishwa. Kulikuwa pia na profesa aliyekaa nasi siku tatu na kuandika kwamba jeshi lilijenga mnara wa ulinzi katikati ya shamba. Mama Cornelia alimpakia kwenye pikipiki, yeye akapanda nyingine, wakaenda kilomita kumi na nane. Huko alimwonyesha mnara wa aina hiyo hiyo ukiwa bado umesimama. Ulikuwa lilungu, tanuru la udongo ambalo wazee wa Ufipa waliyeyushia chuma. Profesa alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na kwenye chapisho lake alimshukuru kwa jina. Jina lilikosewa herufi mbili. Mama Cornelia alizisahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye nakala ya ofisi.

Leo picha 2,316 za kituo hiki zina maelezo kamili, na watu 412 waliokuwa “wenyeji” wana majina.

Ningeweza kuishia hapo. Ila kuna jambo la mwaka huu ambalo wengi wenu mnalijua nusu tu. Nimekaa nalo wiki tatu nikijiuliza kama ni halali kulitaja kwenye karatasi ya sherehe, nikaona nisipolitaja nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine.

Sanduku la vioo lililetwa Oktoba mwaka jana na mjukuu wa daktari mmoja wa jeshi aliyepita Kasanga wakati wa vita vya kwanza. Zamani picha zilipigwa juu ya kioo. Upande mmoja wa kioo hung'aa, na upande wa pili umefifia kwa sababu ndio wenye dawa iliyoshika picha. Vilikuwa vioo arobaini. Wakati huo huo kituo kilikuwa kinajenga ukuta wa majina ya wapagazi wa Ufipa waliobebeshwa mizigo ya jeshi. Kamati ya ukuta huo ilikubaliana kwamba jina lolote litakalothibitishwa kutokana na vioo hivyo litachongwa ukutani kabla ya mwisho wa Mei.

Katikati ya Aprili Mama Cornelia alikwenda Mbeya kutolewa mtoto wa jicho. Alikaa huko wiki sita. Alipokuwa hayupo, karani kijana mwenye shahada, aliyefundishwa vizuri na kutamani kuonekana anafaa, alivipitisha vioo vyote arobaini kwenye skana, akazisafisha picha kwenye kompyuta na kuzilinganisha na fomu za familia. Kwa familia nne majibu yalikuwa hapana. Barua nne zikaandikwa, zikasainiwa, zikatumwa.

Moja ilikwenda Matai kwa Mzee Yusto Philipo, mkulima wa miaka themanini na moja. Fomu yake ilieleza mambo mawili juu ya babu yake, Marselino. La kwanza, alivaa msalaba mdogo wa chuma, akiufunga kwa kamba juu ya kiwiko kwa sababu ukikaa shingoni kamba ya mzigo huukata. La pili, alikosa vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, vilivyoungulia kwenye tanuru la chuma akiwa kijana. Kwenye kioo namba kumi na saba, kilichoandikwa pembeni kuwa ni cha mwezi vita vilipoisha, kulikuwa na wapagazi sita wamezunguka chungu cha ugali. Wa tatu alikuwa na msalaba juu ya kiwiko. Vidole viwili pia havikuwepo, lakini vya mkono wa kulia. Barua, iliyoambatishwa nakala ya picha hiyo, ilisema kwa lugha nzuri sana kwamba ushahidi haukuafikiana.

Siku ya pili ya Mama Cornelia kurudi kazini, akiwa bado na miwani myeusi, Mzee Yusto aliingia ofisini ameshika barua ile. Hakuja kugomba. Aliomba maji, akanywa, akaitandaza barua mezani na kuipapasa mikunjo. Akaeleza kwamba kule Matai nyumba yake inaitwa “kwa watoro”. Tangu enzi za baba yake watu husema Marselino alitupa mzigo porini, akajificha kwa wavuvi mpaka vita vikaisha, na wenzake wakafa kwa kubeba na sehemu yake. Kwenye harusi hutaniwa, kwenye kugawana kazi za kigango cha kanisa hutaniwa, na wajukuu zake wamerithi jina hilo shuleni. Kisha akamgeukia karani.

“Mimi sina ugomvi na karatasi yako, mjukuu wangu. Kama huyu si babu, niambie basi ni nani.”

Mama Cornelia aliomba picha, akakata vipande sita vya kalenda, akawafunika wale watu nyuso. Alivua miwani, akabana lenzi kwenye jicho jipya, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka karani akaanza kueleza bila kuulizwa. Alieleza kwamba suala la vidole alilichunguza kwa makini sana, na hata mtu mwenyewe anaonekana anakula kwa mkono wa kushoto, jambo linalothibitisha kwamba mkono wa kulia ndio ulioumia.

Mama Cornelia hakuinua kichwa.

“Na hawa watano wengine, Debora? Nao vidole vyao vilikwenda wapi?”

Karani akatazama. Wapagazi wote sita walikuwa wanamega ugali kwa mkono wa kushoto. Picha hiyo ilikuwa imekaa kwenye kompyuta yake zaidi ya mwezi. Wajumbe tisa wa kamati walikuwa wameiona, watu wazima, waliolelewa kwenye nyumba ambazo mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye chakula hupigwa kofi kabla hajafika. Hakuna aliyeona, maana wote walikuwa wanatazama nyuso na vidole. Mzee Yusto peke yake ndiye aliyesema kwamba yeye aliliona tangu siku ya kwanza aliyoonyeshwa, ila alinyamaza kwa aibu. Alidhani vita viliwaharibu tabia.

Mama Cornelia alicheka mpaka akafuta jicho lake la bei ghali, na daktari alikuwa amemkataza kulifuta. Kisha akaagiza kioo chenyewe. Alikipeleka dirishani, akakishika upande uliofifia ukimtazama yeye, akaangalia, akakigeuza taratibu. Kioo kilikuwa kimewekwa kwenye skana kwa upande usio wake, kikatoa picha kama mtu anavyojiona kwenye kioo cha kunyolea: kulia kumekuwa kushoto. Kilipogeuzwa, wapagazi sita wakala kwa mkono wa kulia kama walivyofundishwa na mama zao, na vidole viwili vikakosekana kwenye mkono wa kushoto uliopumzika juu ya goti.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kuona kila mahali. Kwenye kioo cha tano koti la afisa lilifungwa upande wa wanawake. Kwenye kioo cha ishirini na mbili Ziwa Tanganyika lilikuwa limehamia mlimani. Vioo vyote arobaini viliwekwa vibaya.

Hapo ndipo Mama Cornelia alipoviondoa vile vipande vya kalenda, kimoja kimoja, wa tatu akimwacha hadi mwisho. Mzee Yusto alivua kofia. Alimtazama kijana yule, mdogo kuliko wajukuu zake mwenyewe, mdomo umejaa ugali.

“Shikamoo, babu,” akasema.

Zilibaki siku nne Mei iishe. Orodha ya majina ilikuwa imeshafika kwa fundi wa mawe hapa Majengo, na fundi alikuwa amefika herufi ya P. Mkuu wetu wa kituo, Ndugu Jafeti, mtu wa haki lakini asiyependa kusikia jambo mara mbili, aliuliza imekuwaje. Mama Cornelia akamjibu kwamba tulikosea. Mkuu akauliza ni nani huyo “tulikosea”. Mama akasema ofisi, akageukia habari ya fundi, na kwa kuwa fundi alikuwa hawezi kusubiri, swali likapita. Jina la Marselino lilipata nafasi chini kabisa, baada ya Zakaria, nje ya mpangilio wa alfabeti. Kila mgeni anayefika huuliza kwa nini. Tunafurahi kueleza.

Karani alitegemea mambo yaishie hapo. Kesho yake alikuta kwenye meza yake karatasi nne nyeupe, kalamu, na nauli ya kwenda Matai iliyoandikiwa ombi tayari. Mama Cornelia alimwelekeza aziandike barua za masahihisho kwa mkono wake, bila “ofisi inasikitika” wala “ilibainika”, aseme nani alifanya nini. Barua ya kwanza ilirudishwa mara tatu. Mara ya nne ilikuwa na mistari mitano, ikapita.

Jumapili walikwenda wote wawili. Ilikuwa siku ya likizo ya Mama Cornelia ya kumalizia utumishi, na jicho lilikuwa linamwaga machozi kwa upepo wa njiani. Misa ilipokwisha, Mzee Yusto aliwaomba watu wabaki nje ya kanisa, karani akasoma ile mistari mitano. Halafu picha ikapitishwa mkono kwa mkono. Jirani mmoja, Benjamini, ambaye kwa miaka hamsini ndiye aliyekuwa bingwa wa kumwita Mzee Yusto mtoro, aliishika, akaigeuza, akairudisha upande wake.

“Sasa mmetuharibia, sisi tutawacheka kwa lipi?” akauliza. Mzee Yusto akamjibu kwamba aanze na suruali yake mwenyewe. Mama Cornelia alipewa debe la maharage na jogoo. Jogoo alisafiri mpaka Sumbawanga mapajani mwa karani.

Familia ya pili na ya tatu zilipatikana wiki iliyofuata, na majina yao yako ukutani.

Mama Cornelia hajawahi kulitaja jambo hili mbele ya mtu yeyote, na akiulizwa hata leo atasema tulikosea. Kwa hiyo naliandika mimi, palipo na wasomaji wengi kuliko nilivyotaka, Ndugu Jafeti akiwemo. Ofisi haikukosea. Aliyevilaza vioo kwa upande usio wake ni mimi, aliyesaini barua nne ni mimi, na aliyebeba jogoo ni mimi.

Mama Cornelia, wenzako wa masjala, wa maktaba, wa ulinzi na wa usafi wanakushukuru. Umetufundisha kuchelewa kusema. Umetuzuia kunywa chai mezani kwa miaka thelathini na mitano, na hakuna picha hata moja yenye doa. Tunasikia unakwenda kijijini kulima ulezi na kwamba umeapa kutogusa picha tena. Tunasikia pia kwamba wiki iliyopita jirani yako alikuletea picha ya harusi ya mama yake, nawe ukamwomba akuletee mkasi na kalenda. Mungu akupe macho yote mawili mazima, mvua ya kiasi, jua la kutosha wakati wa kuanika, na siku nyingi za kukaa bila kuulizwa na mtu faili liko wapi. Uishi vizuri, mama yetu.

Inabaki barua moja. Familia ya nne ni ya Bi. Fransiska, aliyekuwa akiishi Wampembe karibu na mwalo wa wavuvi, na aliyejaza fomu juu ya baba wa mama yake. Barua yangu ya kwanza, ile mbaya, ilimfikia. Ya pili ilirudi ikiwa imeandikwa kwamba amehama na haijulikani alikokwenda. Mtu wake yupo kwenye kioo namba thelathini na moja, amesimama wima, mguu wa kushoto mbele, kama alivyoeleza. Nimefungua fomu yake tena mara nyingi, na kila jibu linaafiki. Fundi ametuachia nafasi ya jina moja.

Yeyote kati yenu anayemfahamu Bi. Fransiska, au anayetoka pande za Nkasi na anaweza kuuliza, tafadhali amwambie aje, au anitafute mimi, Debora Lwitiko. Napatikana chumba namba sita, ghorofa ya chini, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Mlango ni wa buluu. Gonga kwa nguvu, maana upepo hupiga kelele upande ule. Asiyeweza kufika mjini aache ujumbe kwa Shedrack, mwenye duka pale yanapopakia magari ya Wampembe. Nimempa daftari, nami hulipitia kila jioni nikitoka kazini. Kama barua yangu bado anayo, aje nayo niichukue. Kama aliichana, aje hivyo hivyo.